Shabiki wa Yankees ndani ya Fenway Park katika usiku wa baridi

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Tanga na sasa ninaishi Jersey City. Mwanangu wa kiume ana miaka 9 na anaipenda timu ya besiboli ya New York Yankees kupita kiasi. Wifi yangu anayeishi Lowell, Massachusetts, ametununulia tiketi za mchezo wa usiku wa mwezi Aprili, Yankees dhidi ya Boston Red Sox katika uwanja wao wa Fenway Park mjini Boston, na yeye na mumewe watakuwa pamoja nasi. Mtoto anataka kuvaa jezi namba 99 ya Aaron Judge, mpigaji nyota wa Yankees. Naogopa mambo mawili, baridi na mashabiki wa Boston. Je, nimvalishe jezi hiyo? Na tufanye nini ili tuweze kukaa nje usiku wote huo bila mtoto kuumia kwa baridi?

Jibu: Dada yangu, mvalishe mwanao jezi yake. Nimeanza na hilo kwa sababu naona ndilo linalokutia wasiwasi zaidi, na pia kwa sababu hofu zako mbili zina dawa moja. Mgeni aliyejiandaa kukaa hadi mchezo uishe, akiwa na joto mwilini na rangi za timu yake mbele ya macho ya watu, huwa na usiku mzuri Fenway hata timu yake ikishindwa. Anayeteseka ni yule aliyekuja bila kujipanga, ambaye kufikia katikati ya mchezo anatetemeka, subira imemwisha, na kila neno la jirani linamchoma.

Ila jezi hiyo itafute iwe pana, ili aivae juu ya jaketi. Nimewaona wageni wengi wakivaa jezi ndani na jaketi juu, halafu wachezaji wao wanapofanya vizuri wanafungua zipu ili rangi zionekane, na joto lote walilolitunza kwa saa nzima linatoka kwa mara moja. Mtoto atafanya hivyo kila Judge atakapopiga. Jezi ikiwa juu, hana sababu ya kujifungua kifua.

Sasa tuizungumze baridi yenyewe, kwa kuwa baridi ya besiboli haifanani na ile unayoipata ukitembea kwenda kituo cha treni huko Jersey City. Katika mwezi wa Aprili, joto la mchana mjini Boston huwa kwa wastani nyuzi 13 hivi za Selsiasi, na usiku hushuka hadi kwenye nyuzi 5. Tarakimu hizo peke yake hazitishi. Kinachowashinda watu ni mambo mawili yasiyoonekana katika utabiri wa hali ya hewa. La kwanza ni upepo wa mashariki unaotoka Atlantiki, ambayo wakati huo wa mwaka maji yake bado yamebeba ubaridi wa majira yaliyopita, kiasi kwamba mchana ulioanza na jua la kuvulia koti unaweza kupoa kwa nyuzi kadhaa ndani ya muda mfupi. La pili ni kukaa. Mchezo wa ligi kuu siku hizi huchukua takriban saa mbili na dakika arobaini, na kama mtawahi kuingia, kama ninavyowashauri, mtakuwa mmekaa karibu saa nne juu ya kiti kilichopoa, nyayo zikiwa juu ya saruji iliyopoa zaidi. Mwili unaotembea hujitengenezea joto, lakini mwili uliokaa hutumia akiba, na akiba ya mtoto huisha mapema kwa sababu ngozi yake ni kubwa ukiilinganisha na uzito wake.

Kwa hiyo usimvalishe kama mtu anayekwenda matembezini. Nguo inayogusa ngozi iwe ya sufu nyembamba au ya nyuzi za michezo, isiwe ya pamba, kwa kuwa pamba hushika jasho la kutembea kutoka kituoni na kulirudisha mwilini kama maji baridi mara mnapokaa. Juu yake iwe sweta nzito, kisha jaketi linalozuia upepo, kisha jezi. Mnapotembea kwenda uwanjani mwache jaketi likiwa wazi, hata kama anahisi ubaridi kidogo, na mfunge mkishakaa, kabla hajaanza kulalamika. Suruali moja haitoshi, hivyo awe na nyingine ya kubana ndani. Kuhusu miguu nakuomba uwe mwangalifu zaidi, kwani hapo ndipo watu wengi hukosea kwa nia njema: soksi mbili nene ndani ya kiatu kinachobana huzuia damu kufika vidoleni, na miguu hupoa haraka kuliko ingekuwa na soksi moja. Kiatu kiwe na nafasi na soli nene, na mkipata kipande cha kadibodi cha kuweka chini ya nyayo, mtaona tofauti kubwa. 

Blanketi chukueni, na mlikunje mlikalie kwanza. Karibu kila familia ninayoiona hufunika magoti huku imekalia ubao mtupu, ilhali joto linapotea kwa kasi kupitia kile mnachokigusa. Likiwa kubwa, lipite chini na kurudi juu ya mapaja.

Kuhusu chakula, mpe mtoto mlo kamili kabla ya kuondoka kwa wifi yako, na chai ya tangawizi mnywe huko huko, maana viwanja vingi vya ligi hii haviruhusu chupa ngumu za chuma au kioo, na mifuko mikubwa huzuiwa mlangoni. Someni kanuni za uwanja kwenye ukurasa wake siku moja kabla, kwani hubadilika. Ndani mtapata chokoleti ya moto. Kwa mume wa wifi yako, kama ni mnywaji wa bia, mwambieni kwa upole kwamba pombe hufungua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, hivyo anayeinywa huhisi joto huku mwili wake ukilipoteza.

Jambo moja dogo limewaharibia wengi safari. Tiketi za siku hizi huwa ndani ya simu, katika programu ya ligi, na betri ya simu huishiwa nguvu haraka penye baridi. Simu yenye tiketi ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, na msiitumie kupigia picha hadi muwe mmeshapita mlangoni.

Muulize wifi yako viti viko upande gani, kwa sababu Fenway ni uwanja wa mwaka 1912, mkongwe kuliko viwanja vyote vya ligi kuu ya besiboli, na kila pembe yake ina tabia yake. Viti vya mbao vilivyo chini ya paa ni vyembamba na baadhi yake vina nguzo mbele inayokata mwono, lakini vinakinga mvua. Viti vya nyuma ya uwanja, mbali na mpigaji, viko wazi kabisa, na vile vilivyo juu ya ukuta wa kushoto vinapokea upepo wote. Ningekuwa mimi ninayechagua, ningekaa upande wa besi ya tatu (besi ni vituo vinne ambavyo mkimbiaji huvipitia ili kupata alama), kwa kuwa ndiko liliko banda la wachezaji wa timu ngeni. Mtoto ataona wachezaji wake wakiingia na kutoka, na utakuta Wanayankee wengine wamejikusanya hapo. Lakini viti vikiwa vya karibu na uwanja, na haviko nyuma ya wavu wa kinga, kofia ya jaketi isimfunike masikio na pembe za macho wakati mpira unachezwa. Mpira uliopigwa vibaya ukatoka pembeni hufika kwenye viti kwa kasi kubwa, na anayeokoka ni anayeuona mapema. Kofia ya sufu inatosha.

Nimesema Wanayankee hujikusanya, ila usitegemee kuwakuta wametengewa eneo. Kwa mtu aliyezoea kuwaona Simba na Yanga katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, kila upande na rangi yake, hili ndilo jambo la kulielewa kabla ya kufika. Katika besiboli ya Marekani mgeni huketi popote tiketi yake inapomweka, bega kwa bega na mpinzani, na hakuna uzio wala mstari wa askari baina yao. Mfumo huo hufanya kazi kwa sababu karibu kila mtu anaufahamu na kuuheshimu. Utazomewa kidogo. Utaambiwa maneno kuhusu kofia yako. Upo pia msemo wa kashfa dhidi ya Yankees ambao huimbwa Fenway hata siku ambazo Yankees wako mji mwingine, na mwanao atausikia, hivyo ni vyema apate habari zake kutoka kwako kabla ya kuusikia kutoka kwa umati.

Mweleze pia sababu, kwa kuwa mtoto wa miaka 9 huvumilia jambo akilielewa. Boston walikuwa mabingwa mwaka 1918. Mwishoni mwa mwaka 1919 mmiliki wao alikubali kumuuza Babe Ruth kwa Yankees, mauzo yakatangazwa Januari 1920, na timu ya New York ambayo hadi wakati huo haikuwa na ubingwa hata mmoja ikaanza safari ya kufikisha mataji 27. Boston walisubiri miaka 86. Katikati ya kusubiri huko, tarehe 2 Oktoba 1978, Bucky Dent wa Yankees, ambaye hakuwa mpigaji wa kuogopwa, alivusha mpira juu ya ukuta wa kushoto wa uwanja huo huo mtakaokaa, na msimu wa Boston ukaishia hapo. Jina lake bado linatajwa mjini humo kwa uchungu. Watu mtakaokaa nao wamerithi hayo kutoka kwa wazazi na babu zao, na wengi wanapoitazama jezi yenu wanaikumbuka historia hiyo. Hawana neno na nyinyi binafsi.

Jinsi ya kujibu ndilo swali. Ushauri wangu ni kwamba mshangilie kitendo na msimcheke mtu. Judge akipiga, mtoto asimame, apige makofi, apaze sauti, hiyo ni haki yake kamili na hata majirani wataitambua. Asigeuke nyuma kuwaonyesha vidole, wala asishangilie mchezaji wa Boston anapoumia au kukosea. Mchezaji wa Boston akidaka mpira mgumu, mpigieni makofi mafupi. Mashabiki wa Fenway wanaujua mchezo kwa undani, na hakuna kinachowalainisha kama mgeni anayeonyesha kwamba naye anaujua. Utani wa wifi yako na mumewe ni jambo jingine, hao ni watu wenu na mnaweza kuchokozana usiku kucha, lakini mtu wa kiti cha nyuma hajaingia katika mkataba huo, na akilewa asijibiwe kabisa. Mwite mhudumu wa uwanja mwenye sare, mweleze kwamba una mtoto, na ataingilia kati au kuwahamisha viti. Wengi huona haya kufanya hivyo wakidhani ni kushtaki. Ni kazi yao, na wanaifanya kila usiku.

Na msitambe mapema. Usiku wa tarehe 17 Oktoba 2004, Yankees waliingia Fenway wakiwa wameshinda michezo mitatu ya kwanza ya fainali ya Ligi ya Amerika, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, wakihitaji mmoja tu. Katika iningi ya tisa (iningi ni kipindi ambacho kila timu hupata zamu yake ya kupiga), ambayo ndiyo ya mwisho ya kawaida, waliongoza kwa 4 dhidi ya 3, na mrushaji wao alikuwa Mariano Rivera, hodari kuliko wote kwa kuulinda ushindi mwishoni mwa mchezo. Kevin Millar wa Boston akapewa besi ya bure, yaani akaruhusiwa kwenda besi ya kwanza kwa kuwa mrushaji alirusha nje mara nne, Dave Roberts akaingia kukimbia badala yake na kuiba besi ya pili, yaani kuikimbilia bila kusubiri mpira upigwe, Bill Mueller akapiga na Roberts akafika nyumbani, yaani kwenye besi ya mwisho, na alama zikawa sawa. Katika iningi ya 12, usiku wa manane ukiwa umepita na mchezo umezidi saa tano, David Ortiz wa Boston akauvusha mpira nje. Boston walishinda huo na mitatu iliyofuata, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ligi hiyo kwa timu iliyotanguliwa michezo mitatu kwa sifuri, kisha wakautwaa ubingwa. Shabiki wa New York aliyekuwa ameanza kuwaaga majirani zake katika iningi ya nane hakuwa na pa kujificha.

Ukishayapanga hayo, utabaki na starehe yenyewe, na hapa ningependa ujue kwamba baridi huubadilisha mchezo, na anayejua atazame nini hata baridi huisahau. Hewa ya baridi ni nzito. Pigo ambalo katika usiku wa kiangazi wa nyuzi 25 lingekwenda mita 120, penye nyuzi 5 hupungukiwa kwa mita tatu au nne, na hizo zinatosha kuligeuza kutoka homurani, yaani pigo la kuvusha mpira nje, kuwa mpira wa kudakwa mbele ya ukuta. Lakini Fenway ina ukuta wa kushoto ambao uko takriban mita 94 tu kutoka kwa mpigaji na kimo chake ni mita 11.3, wa kijani, unaoitwa Green Monster, na mipira mingi inayokufa hewani kwingineko hapo hugonga ukuta na kurudi uwanjani. Mwambie mwanao amtazame mlinzi wa kushoto wa Yankees mara mpira unapopaa upande huo. Asipoijua pembe ya mpira unavyorudi, mkimbiaji wa Boston atapata besi mbili. Chini ya ukuta huo huo kuna ubao wa matokeo unaobadilishwa kwa mikono na watu waliomo ndani yake. Tafuteni namba ya Yankees ikipachikwa mwishoni mwa iningi.

Tazama pia vidole vya mrushaji. Kila mpira wa ligi kuu husuguliwa kwa tope laini linalochotwa kwenu New Jersey, katika mkondo unaoingia Mto Delaware, ili ngozi yake isiteleze. Hata hivyo penye baridi kali vidole hufa ganzi na mpira unakuwa kama jiwe lililolowa. Kwa kawaida mrushaji haruhusiwi kupeleka mkono mdomoni akiwa amesimama mahali pake pa kurushia, lakini kanuni inampa mwamuzi nafasi ya kuruhusu mikono ipulizwe pumzi usiku wa baridi, mameneja wote wawili wakikubali. Ukimwona mrushaji anapuliza mara kwa mara na mipira yake inayopinda inatua nje, ujue vidole vimemkatalia, na wapigaji wenye subira watapewa besi za bure. Mpigaji naye ana shida zake. Mpira ukigonga sehemu ya gongo iliyo karibu na mikono, mtikisiko hupanda hadi kwenye viwiko, na mikono iliyopoa huuhisi maradufu. Kwa hiyo warushaji wenye ujasiri hulenga karibu na mwili. Tangu mwaka 2023 kuna pia saa ya kuhesabu, inayompa mrushaji sekunde 15 besi zikiwa tupu na, kuanzia 2024, sekunde 18 zikiwa na mtu, hivyo hawezi tena kuzunguka akijipasha joto kama zamani.

Mpe mtoto penseli na karatasi aandike kila zamu ya mpigaji, kwani wino wa kalamu huwa mzito penye baridi. Simameni kila mapumziko baina ya iningi, si katika iningi ya saba pekee ambapo uwanja wote huinuka. Katikati ya iningi ya nane mashabiki wa Boston huimba kwa pamoja. Simameni nao. Kusimama hakuwafanyi kuwa Wanaboston, na damu itashuka miguuni.

Dalili za kuondoka mzijue pia, kwani sisemi mbaki kwa gharama yoyote. Kutetemeka kidogo ni mwili kufanya kazi yake, mpelekeni ndani ya korido chini ya viti kwa dakika kumi, mbadilishieni glavu kama zimelowa. Lakini mtoto akianza kusinzia wakati wa tukio zuri, akishindwa kushika penseli, au akiacha kutetemeka ilhali bado ana baridi, usiku umeisha kwenu, hata kama Judge ndiye anayefuata kupiga.

Usafiri ndio unaoamua kama mtaweza kubaki hadi auti ya mwisho, yaani hadi mpigaji wa mwisho atolewe. Kutoka Lowell treni za usiku ni chache, na mchezo ukiingia iningi za nyongeza mtaanza kutazama saa badala ya uwanja. Ni afadhali mume wa wifi yako aendeshe hadi kituo cha Riverside kule Newton, aegeshe gari hapo, na mpande treni ya mjini ya Green Line, tawi la D. Wakati wa kurudi msikimbilie kituo kinachoitwa Fenway, kwani treni zinazokwenda Riverside hufika hapo zikiwa zimeshajaa watu wa Kenmore, kituo kinachotangulia. Tembeeni hadi Kenmore. Na ndani ya gari pale Riverside acheni mfuko wenye soksi kavu na sweta kavu ya mtoto, ambavyo atavihitaji timu yake ikiwa imeshinda au imeshindwa.